Magurudumu ya Kumpeleka Agnella

Levina alipofika mahali popote kwa baiskeli, kabla hajasalimia wala kusalimiwa, aliinua usukani kwa mkono mmoja, akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono wa pili, na kulitazama mpaka lisimame lenyewe. Ndipo alipogeuka na kupiga hodi. Alifanya hivyo sokoni, alifanya hivyo zahanati, na mara moja nilimwona akifanya hivyo msibani, wafiwa wamekaa kwenye mikeka wakimngoja amalize ndipo wampe mkono. Hakuna aliyechukia. Ukiegesha baiskeli yako karibu na yake, alilizungusha na gurudumu lako pia, nawe ukasubiri kimya kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo cha damu.

Nilimfahamu nilipopangiwa kufundisha Ifakara. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, sina ndugu katika mji ule, nikapanga chumba katika ua wake Lipangalala. Yeye alikuwa na miaka hamsini na kitu, mpana wa kiuno, mwembamba wa miguu, mjane wa siku nyingi asiye na mtoto wa kumzaa. Alichuuza samaki na mchele kati ya Mofu, kijiji alikozaliwa, na soko la Kibaoni. Lakini watu hawakumjua kwa samaki. Walimjua kwa sababu alipeleka mabibi harusi kanisani.

Miaka ile ya tisini magari yalikuwa machache, na karibu kila nyumba ilikuwa na baiskeli. Bibi harusi alikaa upande juu ya karia ya nyuma, miguu yote miwili kushoto, mto chini yake, maua ya plastiki kwenye usukani, na wanawake wakikimbia pembeni wakipiga vigelegele. Kazi ya kumwendesha ilikuwa ya mjomba. Siku moja mjomba wa binti wa jirani alianza sherehe mapema mno, akashindwa hata kuiona baiskeli ilipo. Levina alikuwa ndiyo kwanza anarudi sokoni. Alishusha tenga la samaki, akafuta karia kwa kanga, akasema, "Panda mwanangu, tutachelewa." Tangu siku hiyo mabinti wakawa wanamwomba yeye.

Walimwomba kwa sababu ya alivyoendesha. Hakuwa na haraka. Alikaa wima kama aliyekaa kwenye benchi la kanisa, miguu ikinyonga kwa mwendo uleule penye kokoto na penye mchanga. Ng'ombe wakikatisha njia, aliweza kusimama palepale juu ya baiskeli bila kuteremsha mguu, akiyumba kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto, hadi wapite wote. Alikuwa na sharti moja tu: miguu ya bibi harusi haikanyagi udongo tangu mlango wa baba yake mpaka mlango wa kanisa. Safari ikiwa ndefu, mtu alibeba mkeka wa kumtandikia akitaka kushuka kwa haja.

Karibu na soko la Kibaoni palikuwa na fundi baiskeli, Nikodemu, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi visivyotakata hata Sikukuu. Levina alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la Nikodemu, na mtu akija kutaka gurudumu jipya, aliulizwa yeye.

"Shangazi, gurudumu zuri ni lipi?"

"La nani?"

"La kwangu mimi."

"Basi panda nikuone."

Mteja alipanda, akaenda mpaka kisimani na kurudi, benchi zima likimtazama. Levina alitaka kuona kama kwenye mashimo anainuka au anakubali kupigwa, kama shimo analikwepa au analiingia, kama akishuka anaruka au anasimamisha kwanza. Mvuvi mmoja kijana, aliyezoea kuruka mitaro, alipewa ringi za chuma na spoku nene. "Wewe huendeshi," aliambiwa, "wewe unagombana nayo." Muuza maziwa aliyekwenda kama anayenyata alipewa magurudumu membamba, mepesi. Lakini Levina aliweza kukosea pia. Katekista mmoja alimchagulia membamba yaliyofaa mwendo wake wa kusali rozari, akasahau kumuuliza habari za mke wake. Jumapili iliyofuata mama yule alipanda karia, na spoku zikakatika moja baada ya nyingine mbele ya watu waliotoka misa, zikilia kama zeze. Levina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kumwomba mama radhi kwa sufuria ya wali na samaki.

Yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli iliyozungumzwa mji mzima. Mtaalamu mmoja wa kilimo, mgeni, alipomaliza mkataba wake alimwachia baiskeli ya mlima, ya bluu, yenye gia na matairi mapana yenye meno makubwa. Watu waliiita Mlima, ingawa bonde letu ni tambarare kama meza na milima tunaitazama kwa mbali tu. Levina alikuwa pia na jozi ya magurudumu membamba ya chuma, yaliyotoka kwenye baiskeli ya kike aliyoiendesha zamani, na Nikodemu aligundua kwamba kwa kuongeza washa chache za chuma kwenye ekseli yanaingia kwenye Mlima bila ubishi. Basi Levina alibadilisha kulingana na safari. Kwenye mchanga wa kandokando ya mto alitumia mapana. Barabara ikiwa kavu na soko linamngoja, alitumia membamba.

Mwaka ule wa mvua za elnino, binti wa kaka yake aliposwa. Aliitwa Agnella, mtoto wa Wendelin wa Mofu, na mchumba wake alikuwa Sylvanus, kijana wa Ifakara aliyefanya kazi ya reli mbali huko kusini. Likizo yake ilikuwa ya Pasaka tu. Kwaresima hakuna harusi. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakatazama kalenda ya parokia, wakafurahi kuona Jumamosi baada ya Pasaka iko wazi, wakanywa pombe yao ya kukubaliana. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Jumamosi hiyo inaangukia katikati ya masika. Ni watu waliolima mpunga maisha yao yote, wanaoijua mvua kuliko wanavyoyajua majina ya wajukuu zao, lakini siku hiyo walikuwa wakiiangalia kalenda.

Pasaka ilipokaribia, bonde lilikuwa limejaa maji. Malori hayakufika Mofu. Mto ulikuwa umetoka kwenye kingo zake, na hakuna mvuvi aliyekubali kumweka bibi harusi kwenye mtumbwi. Kilichobaki ni njia ya miguu, tope jeusi linalonata kama gundi, na baiskeli.

"Kwa nini asije mapema akalala kwako?" nilimuuliza Levina.

"Mwalimu, binti anatoka kwa baba yake asubuhi ya harusi. Akilala mjini, watauliza alilala kwa nani."

Apolonia, mama yake Agnella, alikuja Lipangalala kwa miguu, tope mpaka magotini. Alinawa, akala, akauliza habari za kila mtu, na mwisho akasema alichokuja kusema.

"Wifi, mimi naona tungoje mavuno."

"Na Sylvanus?"

"Kama ni wake, atangoja."

"Na ndugu zake watangoja? Wameshaanza kumtajia binti wa Kibaoni mwenye cherehani."

Apolonia alitazama mikono yake. "Agnella halali," akasema. "Kila nikimwambia tuahirishe, anasema shangazi atanipeleka. Sasa niambie mwenyewe. Utamfikisha?"

"Nitamfikisha."

"Amekaa?"

"Amekaa, na miguu mikavu."

"Basi jaribu kwanza huku huku. Usiponiletea neno kabla ya Pasaka, namwambia Wendelin asimamishe."

Alipoondoka, Levina alikaa muda mrefu kwenye kibaraza. Alikuwa amewapeleka mabinti wa watu wengi mpaka mlangoni, akawaacha hapo na kurudi na baiskeli nyepesi. Huyu alikuwa wa kwao. Nadhani ndiye mtu aliyekaribia zaidi kuwa mtoto wake, ingawa hakulisema hilo mbele yangu wala mbele ya mtu mwingine niliyemjua.

Asubuhi yake benchi la Nikodemu lilijaa. Aliyesema sana ni Fridolin, mchuuzi wa samaki wa Mofu. Ukoo wake na ukoo wa Levina walikuwa watani tangu enzi za babu zao, kwa hiyo angeweza kumtukana popote, hata penye jeneza, na asikasirikiwe.

"Weka mapana," alisema Nikodemu. "Mzigo ndio unaochagua gurudumu. Wachuuzi wote wanajua."

"Bibi harusi si mzigo," alisema Levina.

"Akiwa kwa baba yake si mzigo," alidakia Fridolin. "Akishapanda karia yako ni mzigo. Na mimi siku hiyo nitakuja nyuma yako na tenga tupu."

"La nini?"

"La kumwokotea. Wewe utamwaga, mimi nitabeba. Sylvanus ataletewa mke kwenye tenga, kama perege."

"Tenga lako hilo hata inzi wamelihama."

"Watarudi wakisikia harufu ya harusi."

Wakafanya kama wachuuzi wafanyavyo. Walijaza gunia la mpunga mpaka likakaribia uzito wa binti, wakalifunga barabara katikati ya karia kwa mipira ya tyubu. Mtu akalivika kanga. Fridolin akalichora macho kwa mkaa, akaliamkia shikamoo, akaliita mke wa Sylvanus. Nyuma ya Lipangalala, kati ya majaruba ya mpunga, kulikuwa na njia yenye tope lilelile la Mofu, na huko ndiko tulikokwenda wote.

Kwa magurudumu mapana Levina hakufika mbali. Tope lilishika meno ya tairi, likajaa kwenye foku, ile panda ya chuma inayolishika, gurudumu likakataa kuzunguka. Nikodemu alilichokonoa kwa kijiti, uso wake wa huzuni. "Limekula likashiba," alisema. Wakafunga membamba. Baiskeli ikapita kwenye tope kama kisu kwenye ugali, ikaenda mpaka mwisho wa majaruba na kurudi, na gunia halikutikisika wala kanga haikupata doa.

"Basi," alisema Nikodemu. "Membamba. Nilikuwa nimekosea, haya, nimekosea."

Fridolin alikuwa ameshashika baiskeli yake ili apeleke habari Mofu. Levina akamwambia angoje. Alikuwa akilitazama gunia, lilivyokaa katikati ya karia limetulia kama mtu asiye na wasiwasi duniani. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, hebu njoo ukae hapa. Kaa kama bibi harusi."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwa nimeposwa na mtu. Nilikaa upande, miguu kushoto, nikamshika kiuno. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga wakainuka wote.

"Mwalimu, umeolewa na nani?"

"Na Serikali," alijibu Fridolin kwa niaba yangu. "Mahari ni chaki."

"Na mshenga ni nani?"

"Si huyu bibi kizee anayetetemeka hapa mbele?"

Vigelegele vikapigwa, Levina akanyonga, na mimi nikaanza kuona raha ambayo sikuitegemea, upepo usoni na mpunga wa kijani pande zote. Raha ile haikudumu. Mimi nilivuta kushoto, Levina akaegemea kulia ili anisawazishe, na gurudumu jembamba la nyuma likateleza lote upande, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Tukaingia jarubani wote wawili na Mlima juu yetu.

Walicheka mpaka wengine wakashika viuno. Nilicheka na mimi, maji yakinitoka masikioni. Levina peke yake hakucheka. Alikaa ndani ya maji yaliyomfika kifuani, akifikiri.

"Tumepima gunia," akasema. "Gunia halina upande."

"Sasa?" aliuliza Nikodemu kutoka kwenye tuta.

"Sasa sijui. Mimi nikibeba mtu naegemea kulia, kumbe. Nimeegemea miaka yote hii na sikujua." Akainuka, maji yakimchuruzika. "Nikodemu, nenda ukakae kwenye benchi lako. Nataka kuonwa."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Watu wote wa Kibaoni walikuwa wamepanda mbele yake, naye hakuwa amepanda mbele ya mtu. Nikodemu aliona haya. Alikaa pembeni ya benchi kama mgeni. Levina alinipakia tena, hivyohivyo na nguo zetu mbichi, akaenda mpaka kisimani na kurudi. Alishuka, akasimama mbele ya fundi kama mwanafunzi.

"Sema."

"Shangazi, nikisema utanikasirikia."

"Sema, baba."

"Wewe huendeshi kwa mikono. Unaendesha kwa kiuno. Gurudumu la mbele umelibeba kama yai, hata alama yake kwenye tope haionekani vizuri. Uzito wote, wako na wa mwalimu, uko nyuma. Na umepinda kulia kama mti wa kando ya mto."

"Nimepinda?"

"Umepinda. Unapendeza, lakini umepinda."

Fridolin alipiga makofi. "Miaka yote nawaambia huyu mama amepinda, mnaniita mchawi."

Levina aliyafungua membamba kwenye Mlima, akayaegemeza ukutani pamoja na mapana. Aliyaangalia yote manne, akalichukua pana moja na jembamba moja, akayaweka mbele ya Nikodemu. "Jembamba mbele, likate njia. Pana nyuma, litushike."

"Hiyo haijawahi kufanyika. Na breki ya mbele haiishiki vizuri ringi nyembamba."

"Ya nyuma inatosha. Na mimi nilishaenda kasi lini?"

"Na la nyuma litakula tope."

"Halina budi kung'olewa meno."

Nikodemu alidhani ni utani. Lakini Levina alikwenda sokoni, akarudi na kisu chake cha kuparia samaki, akalipakata lile tairi, zima kabisa, la kutoka Ulaya, akaanza kuyapunguza meno ya kati moja moja na kuyaacha ya pembeni. Vipande vya mpira vilidondoka miguuni pake kama magamba. Nikodemu aligeuka kwenye benchi ili asione.

Kesho yake nilipanda tena, na safari hii Mlima ulikwenda mpaka mwisho wa majaruba na kurudi. Ulitambaa polepole, ukitema tope pembeni, mimi nimekaa juu mkavu kama biskuti. Mmoja wa wanawake walionitania jana akaanzisha wimbo wa harusi, wengine wakaitikia, na sikujua niangalie wapi. Fridolin alipelekwa Mofu na neno. Baadaye tulisikia alivyolifikisha: mwalimu amekufa maji, lakini gurudumu ni zima, harusi iendelee.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka. Ijumaa tulikwenda Mofu, mimi kwa baiskeli ya kuazima, na mara nyingi ni mimi niliyeibeba. Jumamosi, kulipopambazuka, Apolonia alitandika mikeka tangu mlangoni mpaka baiskeli ilipo, na Agnella akapita juu yake na kitenge kipya, macho yamevimba kwa kilio cha kuaga. Gauni lake jeupe lilikuwa mgongoni kwangu ndani ya mfuko wa plastiki. Ndugu walifuata wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu wakiwa wameshika viatu. Fridolin alikuja wa mwisho, tenga tupu limefungwa nyuma, akiliosha kila penye maji ili, kama alivyosema, bibi harusi asije akamlalamikia.

Mvua haikunyesha. Jua lilitoka juu ya bonde lote lililojaa maji, na mbingu ikawa juu na chini. Levina alinyonga mbele yetu, mwendo uleule, amepinda kulia kama Nikodemu alivyosema, na nyuma yake Agnella amepinda kushoto, wakilingana kama mizani. Nilijiuliza nimewahi lini kumwamini mtu kiasi kile, nikamwachia mwili wangu na njia yote. Lakini asubuhi ilikuwa nzuri mno kuhuzunika.

Kabla ya kuifikia barabara kuu kulikuwa na kijito kilichokata njia. Maji yalifika nusu ya gurudumu, na chini yake hapakuwa na tope bali mchanga. Hilo Levina alilijua tangu jana yake tulipopita, na hakuwa na gurudumu la kulijibu. Jembamba lake la mbele, lililokata tope vizuri namna ile, kwenye mchanga lingezama.

"Tumbebe," alisema mmoja wa wajomba.

"Nilisema amekaa," alijibu Levina, akaingia majini.

Katikati ya kijito gurudumu la mbele lilizama. Baiskeli ikasimama. Niliona mikono ya Apolonia imekwenda mdomoni. Levina hakuteremsha mguu. Alisimama pale juu ya pedali, akiyumba kidogo huku na huku, maji yakimpita, kama anavyosimama ng'ombe wakipita.

"Agnella," tulimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. "Imba."

"Niimbe nini, shangazi?"

"Wowote. Ila usitikisike."

Agnella, macho yamefumbwa, miguu ameiinua mpaka magoti yanakaribia kifua, akaanza wimbo wa kanisani. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikasimama. Ukingoni wanawake wakaitikia, kwanza mmoja, kisha wote. Levina aliugeuza usukani kushoto kidogo, kulia kidogo, kama anayeng'oa mhogo bila kuukata, na ubeti wa pili ulipoanza, alikandamiza. Gurudumu la nyuma, lile lililong'olewa meno, likashika. Wakatoka. Wakapanda ukingo wa pili wakichuruzika maji, Agnella bado anaimba, na Fridolin nyuma yangu akasema, "Sasa tenga nitalifanyia nini?"

Gauni lilivaliwa Lipangalala, juu ya mkeka, na saa ya misa ilipofika Mlima ulikuwa umefika mlango wa kanisa, umejaa maua ya plastiki na tope. Sylvanus alitoka kumpokea. Agnella alishusha mguu mmoja kwenye saruji, kisha wa pili. Hapo Apolonia alifanya jambo ambalo watu walilisimulia mwaka mzima: aliinama mbele ya padri, akainua kiatu cha binti yake kama anayekagua kwato, akaitazama soli, akasema, "Nyeupe." Padri alisema asante mama, tunaweza kuanza.

Baada ya misa Fridolin alilileta tenga lake mbele ya watu wote na kudai chake. Mtani hafukuzwi mikono mitupu. Levina alichukua kijiti, akalikwangua tope lote la gurudumu la nyuma, akalijaza tenga.

"Huu ndio mzigo wako, mtani. Upeleke polepole, usimwage."

Fridolin aliliweka tenga kichwani na kucheza nalo mpaka nyumbani kwa bwana harusi, tope likimtiririka shingoni, na nadhani hakuna aliyefurahi siku ile kuliko yeye.

Kwa muda baada ya hapo vijana wengi walikwenda kwa Nikodemu wakitaka jembamba mbele na pana nyuma, kama Mlima. Nikodemu alikuwa tayari kuwafungia, biashara ni biashara. Levina aliwakatalia wote. Wengine waligombana naye, wakaenda kwa mafundi wengine, wakafungiwa, wakaanguka, wakarudi.

Mimi nilihamishwa kutoka Ifakara, nikafundisha kwingine, kisha kwingine. Nilirudi mara moja, miaka mingi baadaye, niliposikia anaumwa. Alikuwa kitandani Lipangalala, miguu imevimba, na aliyekuwa akimuuguza ni Agnella, sasa mama wa watoto watatu, akiimba jikoni huku anapika. Tulizungumza mchana wote, tukacheka habari ya katekista na mke wake, tukacheka tulivyoanguka jarubani. Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono, akasikiliza kwanza kama Agnella bado yuko jikoni.

"Siku ile niliogopa, mwalimu," akasema. "Tangu Mofu mpaka kanisani, niliogopa njia nzima. Huyu anadhani nilimwambia aimbe kwa furaha. Mwache adhani hivyo."